Wasomaji Wanauliza: Buluu ya Korido Ichaguliwe Mbele ya Taa Yake

Barua nne za mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni korido ya nyumba na rangi ya buluu. Mbili kati yake zimehitaji maelezo marefu, kwa sababu waandishi wake wamekwisha kutumia fedha na wanaogopa kuzitumia tena bila faida. Nimezifupisha barua hizo bila kubadili hoja zake.

Bibi Mshauri, shikamoo. Nyumba yetu ina korido yenye urefu wa mita 6, upana wa mita 1.2 na dari la mita 2.7. Ina milango mitano na haina dirisha hata moja. Dukani nilipenda sana samawati moja kwenye kadi ya rangi, fundi akaipaka mikono miwili, yaani tabaka mbili, lakini ukutani imekuwa kama jivu. Usiku taa ikiwashwa watoto wanasema tumehamia zahanati. Je, niachane na buluu? — Mama wa watoto watatu, Tabata, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Buluu usiiache. Rangi uliyoipenda haina kosa. Kosa limetokana na mahali ulipoipendea. Kadi ile uliishika dukani, mlango ukiwa wazi na mwanga wa barabarani ukiingia hadi kwenye kaunta, kisha ukaipeleka rangi hiyohiyo mahali ambapo jua halijafika tangu nyumba ilipoezekwa. Rangi nyepesi huishi kwa mwanga unaoiangukia, na ukuta wa samawati usiopata mwanga wa kutosha hauna cha kuturudishia machoni, ndipo unapogeuka kijivu. Watu wengi huamini kwamba mahali penye giza pakipakwa rangi nyepesi patang'aa. Hilo hutimia pale tu ambapo upo mwanga wa kusambazwa, na korido yako haina.

Kwa hiyo, kabla hujanunua hata galoni moja, soma boksi la balbu yako. Balbu za LED huandikwa namba inayofuatiwa na herufi K, yaani kelvini, ambacho ni kipimo cha weupe au umanjano wa mwanga. Zinazouzwa kwa wingi madukani kwetu ni za 6500K, ambazo mwanga wake ni mweupe wenye ubuluu, na mwanga huo ukiangukia samawati ndio unaoleta ubaridi wa zahanati ambao watoto wako wameuona kwa usahihi kabisa. Ukikimbilia upande wa pili, kwenye balbu za 2700K au 3000K, utapata umanjano unaopendeza sebuleni, lakini mwanga wa namna hiyo una buluu kidogo sana ndani yake, hivyo ukuta wa samawati huzidi kufifia au huelekea ukijani. Kwa korido ya buluu isiyo na dirisha mimi hupendekeza 4000K, ambayo iko katikati. Tena usiweke taa moja katikati ya dari, kwa sababu huacha ncha mbili za korido gizani. Mwombe fundi umeme akuwekee mbili, kila moja mita moja na nusu kutoka kwenye ncha yake. Balbu mbili za wati 9 zinakutosha, na zikiwa na vifuniko vyeupe vinavyotawanya mwanga hazitachoma macho ya mtu anayetoka chumbani usiku. Kama juu ya milango yako kuna vidirisha vidogo vya hewa vilivyozibwa kwa mbao, kama ilivyo katika nyumba nyingi, vifungue uweke vioo, nawe utapata mwanga wa mchana kutoka vyumbani bila kulipia umeme.

Taa zikishakaa ndipo uchague rangi, na uichague ndani ya korido yenyewe. Nilipokuwa napaka korido yangu nilikata vipande vitatu vya hadibodi vya sentimita 60 kwa 60, nikavipaka buluu tatu tofauti, mikono miwili kila kimoja, nikaacha ukingo mweupe pande zote ili rangi ya zamani ya ukuta isinidanganye. Nilivisimamisha korido kwa siku nne, nikivitazama saa tatu asubuhi, adhuhuri, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewaka. Kile nilichokuwa nimekipa ushindi asubuhi ya kwanza, samawati laini kama anga baada ya mvua, usiku kilikuwa kimekufa kabisa. Kile nilichodhani kimekoza mno, cha rangi ya kaniki iliyofuliwa mara nyingi hadi ikapauka kidogo, ndicho pekee kilichobaki buluu saa zote. Nisingeliamini hilo kama ningeliambiwa na mtu, na kwa sababu hiyo sikutajii namba ya rangi yoyote. Paka vipande vyako, vitazame, kisha uamue. Kumbuka pia kwamba rangi ya maji ikikauka huwa imekoza zaidi ya ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo usihukumu kipande kabla hakijakauka sawasawa.

Kuhusu mpangilio, korido nyembamba ya mita 1.2 ikipakwa buluu iliyokoza kutoka sakafuni hadi darini itakubana mabega. Ushauri wangu ni kuugawa ukuta. Chini, kuanzia sakafuni hadi sentimita 90 au 100, paka buluu iliyokoza utakayokuwa umeichagua. Juu yake paka nyeupe yenye tone la manjano, ile inayoitwa krimu nyepesi, na si samawati, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayopokea mwanga wa taa na kuusambaza. Dari liwe jeupe. Ukuta mtupu wa mwisho wa korido, ule unaoutazama unapoingia, uupake buluu ya kati, nyepesi kwa hatua moja au mbili kuliko ile iliyokoza katika safu hiyohiyo ya kadi. Ukuta wa mwisho ukikoza kuliko krimu ya juu ya kuta za pembeni huonekana umesogea karibu, na mita zako sita hazitafanana tena na njia ya kwenda wodini.

Najua utasema kwamba ukuta uliogawanywa ndio wa hospitali hasa. Hospitalini na shuleni mstari hupandishwa hadi usawa wa kifua, na chini hupakwa rangi ya mafuta inayong'aa kama sahani. Wewe ushushe mstari hadi usawa wa kiuno, utumie rangi ya maji inayoweza kuoshwa yenye mng'ao hafifu, na juu ya mstari upigilie ubao mwembamba uliopakwa buluu ileile ya chini. Ubao huo una gharama ndogo, lakini ndio unaobadilisha sura nzima, kwa sababu jicho huona kazi ya seremala mahali ambapo lilizoea kuona ukomo wa brashi. Na kwa watoto watatu, sehemu ya chini ndiyo inayopokea mikono, mikoba ya shule na matairi ya baiskeli, nayo itafutika kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Milango yako kama ni ya mninga au mkongo, tafadhali usiipake rangi. Wekundu wa mbao zetu na buluu ni rangi zinazokabiliana, na kila moja humfanya mwenzake aonekane vizuri zaidi. Isugue kwa msasa laini, uipake vanishi mpya, na utaona buluu imepata uhai ambao hakuna kopo la rangi linaloweza kuuleta.

Hesabu yako ni hii. Kuta zote nne, bila kutoa milango, zina takriban mita za mraba 39, na milango mitano ya kawaida hupunguza kama 9.5, hivyo zinabaki karibu 29.5. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo mikono miwili inahitaji lita 6 kwa jumla. Buluu ya chini itachukua takriban lita mbili, nayo galoni moja ya lita 4 itakutosha na nyingine ibaki ya kuzibia michubuko ya baadaye. Krimu ya juu ni galoni moja pia, na buluu ya kati ya ukuta wa mwisho ni lita moja tu. Fundi akikuandikia ndoo ya lita 20, mwonyeshe hesabu hii kwa heshima. Jambo moja la lazima ni kuhakikisha rangi iliyopo ukutani ni ya aina gani. Ikiwa sehemu yoyote ilipakwa rangi ya mafuta, isuguliwe kwa msasa hadi mng'ao uishe na ipakwe praima kwanza, la sivyo rangi ya maji itabanduka kama ganda la kitunguu.

Mshauri, mimi ni mtumishi ninayeishi katika nyumba ya wafanyakazi karibu na Hifadhi ya Tarangire. Nilitaka kupaka korido buluu, wenzangu wakanionya kwamba buluu huita ndorobo. Ni kweli au ni maneno tu? — Kaka wa Manyara

Kaka, wenzako hawakukudanganya. Ndorobo huvutwa na buluu na weusi, na ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili, na wageni wa hifadhini hushauriwa wasivae buluu iliyokoza. Hata hivyo, mdudu huyu hutafuta windo lake mchana, huko nje, kwa macho na kwa harufu. Ukuta wa ndani asiouona hauwezi kumwita. Paka korido yako, ila buluu ianzie ndani ya mlango. Mlango wenyewe kwa upande wa nje, nguzo za baraza na hasa pazia la mlangoni linalopeperuka, viwe vya rangi ya udongo au krimu. Weka pia wavu mlangoni, kwa sababu ndorobo aliyekufuata kutoka kwenye gari hatajali ukuta una rangi gani.

Bibi Mshauri, asalaam aleikum. Nyumba yetu ni ya urithi, ya mawe na chokaa, yenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, na njia ya kuingilia ndani. Miaka miwili iliyopita fundi alipaka njia hiyo rangi ya plastiki ya buluu. Sasa imevimba na inabanduka vipande vipande, na nyuma yake kuna unga mweupe. Tununue rangi ya bei kubwa zaidi? — Mjukuu wa nyumba, Mji wa Kale, Mombasa

Waaleikum salaam, mjukuu wangu. Nakuomba usinunue rangi hiyo, kwa sababu kadiri inavyokuwa ghali na imara ndivyo itakavyoudhuru ukuta wenu. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa kwa kupumua kupitia uso wake. Maji hayo hubeba chumvi. Chokaa huyaacha yapite, lakini rangi ya plastiki huyazuia, nayo chumvi hukusanyika nyuma ya rangi, hukua kama mchele unaovimba, na husukuma rangi itoke pamoja na tabaka la plasta. Unga mweupe unaouona ndiyo hiyo chumvi. Mkifunika tena kwa rangi nzito, au, jambo baya zaidi, kwa plasta ya saruji, unyevu utapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Mafundi wa chokaa wana jibu lao la buluu, nalo ni jibu bora. Nimewahi kukaa barazani nikamtazama mzee mmoja, fundi wa chokaa, akiitayarisha. Alikuwa na pipa la chokaa iliyolowekwa kwa majuma mengi hadi ikawa laini kama malai. Akachota kiasi, akaizimua kwa maji hadi ikawa nyepesi kama maziwa, kisha akafunga buluu ya kufulia, ile ambayo wengi huiita nili, ndani ya kitambaa cheupe na kukitumbukiza. Akawa anakiminya taratibu kwa mkono uliovikwa mfuko wa nailoni, na buluu ikatoka kwa nyuzinyuzi kama moshi ndani ya maziwa yale, ikizunguka kabla ya kuenea. Hakukoroga upesi. Alisema akikoroga upesi buluu hushikana vipulivipuli, na ukuta ukikauka hutoka mistari.

Buluu hiyo ya kufulia, kama ni ya unga au vidonge vya zamani, kwa kawaida ni ultramarini, rangi iliyoanza kutengenezwa viwandani Ulaya katika miaka ya 1820 na ambayo huvumilia ukali wa chokaa bila kubadilika. Si buluu zote zenye uvumilivu huo. Buluu ya Prussia, kwa mfano, huharibiwa na chokaa na kugeuka hudhurungi. Baadhi ya buluu za maji zinazouzwa kwa kufulia siku hizi ni rangi za nguo tu, nazo hupauka. Kwa hiyo fanya jaribio: koroga kijiko kimoja ndani ya kikombe cha chokaa, paka kwenye jiwe au kigae kisichong'aa, uache kwa juma moja mahali penye mwanga. Ikibaki buluu, endelea.

Kazi yenyewe ianze kwa kuondoa rangi ya plastiki yote kwa kikwaruzo na mikono yenye subira, bila kemikali na bila kupiga nyundo. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa, isioshwe kwa maji, kwa maana maji huirudisha ndani. Ukuta uachwe upumue kwa majuma kadhaa, na kila chumvi inapotokeza ipigwe brashi tena. Plasta iliyoanguka irudishiwe kwa chokaa na mchanga. Siku ya kupaka, nyunyizieni ukuta maji hadi uwe na ubichi bila kutiririka, mpake tabaka jembamba sana, msubiri siku nzima, kisha tabaka jingine, hadi yafike matatu au manne. Tabaka la kwanza litawatia hofu, kwa sababu chokaa mbichi huonekana imekoza na haifuniki. Ikikauka hupauka mno na kufunika. Unga wa buluu usizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo utawachafua nguo kila mtu anapoegemea. Vaeni miwani na glavu, kwani chokaa huchoma macho na ngozi, na watoto wasikaribie pipa.

Chokaa haitawapa nili iliyokoza. Itawapa samawati yenye mawingumawingu, nyepesi juu na nzito kwenye mikunjo ya ukuta, inayobadilika kidogo siku za mvua. Mimi naiona nzuri kuliko rangi yoyote ya kopo, na nasema hivyo bila kusita. Kama njia yenu ina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zipakeni ndani tabaka mbili za ziada zenye buluu nyingi zaidi, ili kila kidaka kiwe kama kina kidogo cha maji, na mbele yake mweke kitu kimoja tu, birika la shaba au bakuli la kauri la bibi. Daka linaonekana kutoka barabarani na mtaa wenu uko ndani ya eneo la hifadhi, kwa hiyo mwulize kwanza kwenye ofisi ya uhifadhi kabla ya kubadili rangi ya nje. Upande wa ndani ni wenu.

Mama Mshauri, jambo. Mimi natoka Bukavu, sasa tunaishi Des Moines, Iowa, huku Marekani, katika nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba hakubali tupake rangi hata kidogo. Korido yetu ni ndefu na nyeupe, na wakati wa baridi inanihuzunisha. Napenda buluu. Nifanye nini? — Mama wa Bukavu

Jambo sana, mama. Huko Desemba mchana una urefu wa takriban masaa 9 tu, na mwanga wake ni wa kijivu, kwa hiyo huzuni yako ina sababu. Ukuta mweupe usioruhusiwa kuugusa utauvisha nguo, na katika hilo wewe unatoka mahali penye utajiri. Kitenge kizima cha yadi sita hukatwa vipande vitatu vya yadi mbili. Ila usikitumie kitenge kimoja kwa korido nzima, kwa sababu ua lilelile likirudiwa mara tatu huchosha. Tafuta vitatu tofauti vyenye buluu inayozidi kukoza: kimoja cha samawati na nyeupe karibu na mlango, cha pili cha buluu ya kati, na cha mwisho, mwishoni mwa korido, cha nili chenye chungwa au manjano kidogo. Vifue kwanza ili vinavyosinyaa visinyae mapema, vipige pasi, kisha kila kimoja ukikaze kwenye fremu nyepesi ya mbao kwa pini za stepla, ukivute kutoka katikati kwenda pembeni ili mistari isipinde. Vitenge vilivyokazwa kwenye fremu huonekana kama michoro. Vikiachwa vining'inie huonekana kama vimeanikwa.

Kwa kutundika, tumia ndoano za gundi zinazobanduka bila kuacha alama, na usome kwenye paketi uzito zinaoweza kubeba. Acha nafasi ya ukuta mweupe kati ya fremu na fremu isiyopungua upana wa mabega yako. Kitambaa kisikaribie mahali inapotoka hewa ya moto ya hita. Kwa upande wa balbu, ushauri wangu kwako ni tofauti na ule nilioutoa kwa mama wa Tabata: kwa kuwa ukuta wako ni mweupe na buluu ya vitenge imekoza, balbu ya 3000K itakupa joto bila kuiua rangi, nawe utalihitaji joto hilo kuanzia Novemba.

Sakafuni, usinunue zulia la buluu tupu iliyokoza kwa ajili ya mlangoni. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji huingia na viatu na kuacha madoa meupe ambayo kwenye nili huonekana kama chaki. Chukua la mistari ya buluu na kijivu linaloweza kuingia kwenye mashine ya kufulia, na kando yake weka sinia la mpira la viatu, lenye ukingo wa kutosha kuzuia maji ya theluji yasifike kwenye zulia.